Viwashio Sitini

Jumatatu, 3 Machi

Shule imefunguliwa na mvua nayo imefunguliwa. Maabara nimeikuta kama nilivyoiacha, isipokuwa matangazo ya Makamu wa mkuu wa shule yameongezeka mlangoni: usiguse hiki, usiingie na kile. Nimeyasoma yote, nikayabandua, nikayabandika upya kwa mstari. Yalikuwa yamekaa upande na mimi vitu vya upande vinaninyima raha.

Boksi la viwashio limefika. Ni sitini kamili, nimehesabu mara mbili. Hakuna boksi jingine mpaka mwakani.

Nieleze, endapo mtu ataokota daftari hili. Roketi za klabu yetu ni za karatasi ngumu, urefu wa mkono. Injini yake ni bomba dogo lenye unene wa kidole gumba, tunainunua ikiwa tayari. Kiwashio ni nyaya mbili nyembamba zilizounganishwa nchani na kitone cha dawa, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Unakiingiza kwenye tundu la injini, unabana nyaya zake kwa vibanio, unarudi nyuma hatua kumi na tano, unabonyeza kitufe. Umeme unapita, kitone kinalipuka moto, injini inashika, roketi inakwenda zake. Au haiendi. Mwaka jana, siku ya kufunga shule, nne kati ya nane hazikwenda, na wazazi wameketi wanatutazama. Makamu aliniambia siku ile: "Mwakani, Mama Vipimo, ikigoma hata moja nataka jina la aliyesababisha."

Mama Vipimo ndiye mimi. Wanafunzi ndio walionibatiza. Mimi ni fundi wa maabara tu, mwenye klabu ni Mwalimu wa fizikia, lakini yeye ana vipindi ishirini na sita kwa wiki, kwa hiyo roketi zimebaki mikononi mwangu. Mwaka huu nimeapa zitaruka zote.

Alhamisi, 6 Machi

Klabu imekutana. Wanafunzi sita. Wawili nitawataja sana, najua. Wa kwanza tunamwita Kobe, kijana mtaratibu mwenye mwandiko wa kupendeza, anayeweza kutumia dakika tano kufunga kifuniko cha chupa. Ningekuwa na mtoto ningetaka awe hivyo. Wa pili ni binti tunayemwita Upepo. Ukimtuma bisibisi anarudi nayo kabla hujamaliza kusema ya aina gani, na mara nyingi siyo yenyewe.

Nimewakumbusha sheria: kila kiwashio kinapimwa mara mbili kwa kipimo changu, mara ya kwanza maabara na ya pili uwanjani, na kila kipimo kinawekewa alama ya vema kwenye kadi. Kipimo hicho nilikiunda mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita: betri, taa ya indiketa ya pikipiki, na sindano mbili, vyote ndani ya kisanduku cha sabuni. Unagusisha sindano kwenye nyaya, taa ikiwaka ujue waya ni mzima. Hakijawahi kuharibika. Watu wanacho kitu kimoja wanachojivunia, mimi ni hicho.

Jumamosi, 8 Machi

Roketi sita, tano zimeruka. Iliyogoma ni ya Kobe, masikini. Ilisema "tss", ukatoka moshi mwembamba kama wa mshumaa uliozimwa, basi. Tulisubiri dakika nzima kama inavyotakiwa, kisha nikakitoa kiwashio. Waya umeungua, dawa haipo, injini haina habari.

Nimeamua: kuanzia leo tunapima mara tatu.

Upepo alikuwa ameshika kichwa cha kiwashio wakati Kobe anakipima, eti kinapata joto. Nikamwambia atoe mkono wake hapo na aache porojo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua.

Jumanne, 11 Machi

Nimewaza betri. Ikiwa betri imechoka, umeme unaofika ni kiduchu, waya unapata moto polepole badala ya ghafla. Nimemwomba dereva wa basi la shule betri yake ya akiba. Ameniuliza ya nini, nikasema ya kurushia roketi. Akacheka mpaka akajishika kiuno, kisha akanibebea mwenyewe mpaka maabara. Huyu mtu tumesalimiana miaka tisa na sikujua kama anaweza kucheka.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kutwa. Hatukurusha.

Jumamosi, 22 Machi

Betri mpya, nguvu tele. Sita, nne zimeruka. Mbili zimesema "tss".

Haiingii akilini. Tumeongeza umeme na tumeongeza umakini, na bado tumerudi nyuma. Jioni nilikaa na viwashio viwili vilivyokufa mbele yangu na lenzi jichoni mpaka Dada yangu, ninayeishi naye, akaniuliza kama navisomea dua.

Jumatatu, 24 Machi

Unyevu! Lazima ni unyevu. Huu ni msimu ambao hata chumvi inageuka uji. Dawa ya kiwashio ikinyonya maji itawakaje? Nimevihamishia viwashio vyote kwenye kopo lisilopitisha hewa, na chini nimeweka mchele mkavu kikombe kizima.

Dada ameuliza mchele wake uko wapi. Nikamwambia uko kazini.

Ijumaa, 28 Machi

Nimesugua vibanio vyote kwa msasa. Vilikuwa na kutu kidogo. Sasa vinang'aa kama pete.

Jumamosi, 29 Machi

Sita, tatu zimegoma. Nusu!

Betri ni mpya, vibanio visafi, mchele umekula unyevu wote, na tumepima mara tatu kila kimoja. Mwalimu wa fizikia alinitazama bila kusema kitu. Yeye akinyamaza najua anahesabu. Nikamwambia, "Jumamosi ijayo tunapima mara nne. Kuna mtu hapimi vizuri." Kobe akatikisa kichwa kukubali, masikini, na ndiye aliyegomewa mbili.

Makamu alikuwa dirishani kwake, mikono nyuma.

Jumatano, 2 Aprili

Komeo la mlango wa mbele limebaki mkononi mwangu. Dada anasema hakushangaa. Yeye alikuwa muuguzi miaka thelathini, amestaafu, kazi yake sasa ni kunichunguza mimi. "Kila asubuhi unafunga, unatikisa, unakwenda hatua mbili, unarudi, unatikisa, unakwenda, unarudi. Nilikuwa na muuguzi mwenzangu wa hivyo. Akimwamsha mgonjwa kumuuliza kama amelala." Nikamwambia mlango ulikuwa mbovu tangu zamani. "Haukuwa mbovu, mdogo wangu," akasema. "Wewe ndiye uliyeuchosha."

Nimenunua komeo jipya. La chuma.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo sijui nianzie wapi.

Tulipima mara nne. Sita, tatu zikagoma. Ya Upepo iliruka, na iliruka vizuri, mpaka tukaipoteza machoni. Nilipokuwa nakusanya kadi nikaona kadi yake ina vema nne zilizonyooka sawasawa, wino mmoja, mkono mmoja, kama mtu aliyeziandika kwa pumzi moja. Mimi kadi nazijua. Vema ya maabarani ni ya kalamu ya maabara, ya bluu. Zake zote zilikuwa nyeusi.

Nikamwita pembeni. "Umepima mara ngapi?"

Akatazama viatu vyake. "Sijapima, Mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na Jumamosi zilizopita?"

"Ile ya kwanza nilipima. Baada ya hapo sikupima tena."

Wiki nne nasugua vibanio, nanyang'anya watu mchele, najilaumu mimi na betri na mbingu, kumbe nina mtu anayechora vema kama anachora maua! Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Vinapata joto, Mama. Nilikwambia. Nikaona bora nisivisumbue."

"Wewe ndiye wa kuona? Nani amekupa kazi ya kuona?"

Nilipaza sauti. Wenzake waligeuka wote. Hakulia, alikunja tu ile kadi mara mbili, akaniwekea mezani, akaondoka huku mvua ikianza.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeandika taarifa na kumkabidhi Makamu. Kurasa mbili. Nimeandika kwamba mwanafunzi huyu ameghushi kadi za vipimo kwa majuma kadhaa, kwamba uzembe wake umeihujumu kazi ya klabu nzima, na kwamba aondolewe. Makamu aliisoma mara moja, akatia sahihi. "Hatimaye tumepata jina," akasema.

Mwalimu wa fizikia aliniuliza kama nimeandika pia kwamba roketi ya Upepo iliruka. Nikasema hilo halikuwa swali.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekutana na Upepo kwenye ngazi. "Shikamoo, Mama." Nikaitikia marahaba. Alipita ukutani kabisa, kama ngazi ni nyembamba, na ngazi yetu wanapita watu wanne sambamba.

Alhamisi, 10 Aprili

Kobe kaniambia baba yake Upepo ni dereva wa malori, hayupo nyumbani wiki tatu kati ya nne, na ameshaomba ruhusa kazini ili siku ya kufunga shule aje amwone binti yake akibonyeza kitufe. Ameomba tangu Januari. Nikamwambia Kobe ashughulike na kadi yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Upepo hayupo. Kila kiwashio kimepimwa mara nne, nimesimama juu ya kichwa cha kila mmoja, nimeona taa ikiwaka kwa macho yangu haya.

Sita. Nne zimegoma.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda popote. Nimetandaza kadi zote thelathini mezani na kuzipanga upya, safari hii kwa mkono uliozijaza. Nilianza kwa shari, nikubali. Nilitaka kuona jinsi Upepo alivyotuharibia.

Kobe: saba, sita zimegoma. Kijana safi kuliko wote, ambaye kwa kupenda kwake hupima mara moja ya ziada, ya roho yake kutulia.

Wale wengine wanne: kumi na sita, saba zimegoma.

Upepo: saba. Hakuna iliyogoma. Hata moja.

Nikazipanga tena kwa tarehe. Tulipopima mara mbili, iligoma moja. Mara tatu, mbili, halafu tatu. Mara nne, tatu, halafu nne. Na katika tatu zilizoruka tarehe tano, siku ya mwisho Upepo yupo, moja ilikuwa yake.

Dada alinikuta nimekaa na chai imepoa. "Kuna nini?" Nikamwambia kuna jambo silipendi na lina sura ya kweli. Akavuta kiti, akaniomba nimweleze tangu mwanzo. Nilipofika kwenye ule mstari wa tarehe nane Machi nilifungua daftari hili kumsomea, na nikaukuta nilivyouandika: eti kinapata joto. Niliandika "eti"!

Dada hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefika maabara kabla ya kengele. Nilitaka kujua kama ni kweli, na nilitaka sana isiwe kweli, na hivyo viwili vilinisukuma kwa nguvu ileile.

Nilichukua kiwashio kimoja kati ya vile vilivyogoma ambacho waya wake ulibaki mzima bila dawa. Nikaparua kipande cha mshumaa kwa wembe, kipande chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, nikakilaza juu ya ule waya. Kisha nikagusisha kipimo changu. Taa ya pikipiki ikawaka vizuri, kama ilivyowaka miaka kumi na mmoja. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

Nta ikalegea, ikawa tone la maji, ikateremka upande wa waya.

Nikarudia mara sita. Mara zote sita nta iliyeyuka.

Basi ndivyo ilivyo. Ile taa ni kubwa mno. Ili iwake inavuta umeme mwingi, na umeme wote huo unapita kwenye waya wa kiwashio. Hautoshi kukiwasha, unatosha kukipasha. Nikachukua kiwashio kipya kutoka kopo la mchele, nikakitazama kwa lenzi: dawa laini, nyeusi, mviringo. Nikakipima mara nne, nikakitazama tena. Kulikuwa na ufa. Mwembamba kama unywele, umezunguka shingo ya kitone. Dawa iliyopasuka namna hiyo inadondoka kitufe kinapobonyezwa, au inawaka nusu, nje ya mahali pake. "Tss."

Mimi ndiye ninayeviua. Mimi na sheria yangu na kisanduku cha sabuni. Kila kilipogoma kimoja niliongeza dozi.

Nilikaa sakafuni, nyuma ya meza ya tatu, ambako wanafunzi huwa hawaoni. Niliona aibu. Na nitasema ukweli kwa kuwa daftari hili halina pa kunipeleka: chini ya ile aibu nilikuwa na furaha, furaha ya kitoto kabisa, kwamba sasa najua.

Jumanne, 15 Aprili

Makamu: "Taarifa ni yako. Sahihi ni yako na yangu. Leo unaniambia nini?"

"Nakuambia nilikosea."

"Ameghushi kadi au hakughushi?"

"Ameghushi. Lakini roketi hazikugoma kwa sababu yake. Zimegoma kwa sababu yangu."

Akavua miwani, akaisafisha, akaivaa. Nilitegemea aseme jambo la kuniumiza. Akasema, "Maneno matupu sitaki. Nithibitishie. Nione kwa macho yangu."

Nimebakiwa na viwashio ishirini na tisa. Nane ni vya siku ya kufunga shule. Kimoja ni cha akiba. Vinabaki ishirini.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua iliacha saa mbili asubuhi. Tulipanga nyuma ya karakana, chungu cha mchanga, na juu ya chungu uzi, na kwenye uzi tumetundika kipande cha karatasi nyembamba. Hakuna injini wala roketi. Kiwashio kikiwaka sawasawa, moto wake unaruka na kuunguza karatasi. Kikisema "tss", karatasi inabaki.

Viwashio kumi nilivipima mara nne jana mchana. Kumi sikuvigusa. Mwalimu wa fizikia alivichanganya peke yake chumbani kwake, akavifunga vitambulisho vya namba, orodha akaiweka mfukoni mwake. Mimi sikujua kipi ni kipi. Nilitaka hivyo. Mkono wangu siuamini tena, unaweza kubana vibaya kile unachotaka kigome.

Makamu alikuja na kiti chake na mwavuli. Aliketi mbali, ameukunja uso. Kiwashio cha kwanza, karatasi ikaungua. Cha pili, "tss". Cha tatu, "tss". Cha nne kikaungua. Kufika cha tisa nilimsikia akisema chini chini, "Hiki kitagoma." Kikaungua. "Aa!" akasema, kama mtu aliyekosa goli.

Mwisho Mwalimu alitoa orodha mfukoni, akasoma kwa sauti. Visivyoguswa: kumi vimewaka kati ya kumi. Vilivyopimwa: vinne kati ya kumi.

Kisha Makamu akauliza, "Na ile nta? Mwalimu ameniambia kuna nta. Naweza kuiona hiyo nta?"

Nikamwonyesha. Akaomba nirudie. Nilirudia mara tatu, na ya nne akashika sindano mwenyewe.

Jumatatu, 21 Aprili

Makamu ameifuta taarifa yangu kwa sharti moja: niandike nyingine, na Upepo aadhibiwe kwa kadi za uongo, kwa sababu uongo ni uongo. Adhabu ni kufuta ubao wa maabara wiki mbili. Nimeandika. Ukurasa mmoja na nusu, wote unanihusu mimi.

Mchana nilikwenda darasani kwa Upepo nikamwambia amesamehewa, arudi klabu. Akauliza, "Nani amenisamehe?" Akaendelea, kwa adabu, mikono nyuma: "Mama, ulinisema mbele ya wenzangu wote. Halafu unakuja kuniambia hapa mlangoni, tuko wawili."

Huyu binti amenizidi akili mara ya pili.

Alhamisi, 24 Aprili

Klabu. Nilikuwa nimeandika cha kusema kwenye karatasi lakini niliposimama macho hayakuona maandishi. Nikasema tu. Kwamba Upepo aliniambia tarehe nane Machi na sikumsikiliza kwa sababu ni mwepesi wa miguu na nilidhani mwepesi wa miguu ni mwepesi wa kila kitu. Kwamba kipimo ni changu, sheria ni yangu, na kosa ni langu. Kwamba Kobe amegomewa sita kwa kosa la kunitii.

Hapo kwa Kobe nikaketi kabla ya kumaliza. Yeye ndiye aliyesimama akaniletea maji.

Upepo akasema, "Na mimi nilichora vema za uongo. Ningekuja kukwambia tena, nikaogopa." Kisha, bila kuvuta pumzi: "Mama, tukiweka taa ndogo? Ile ya ledi, ya kwenye redio mbovu? Hiyo haili umeme." Na alikuwa tayari ameishika mkononi. Safari hii ilikuwa yenyewe.

Ijumaa, 25 Aprili

Taa ya ledi na rezista yake ya kupunguza umeme. Nta haikuyeyuka hata baada ya dakika nzima. Nimeipima mara kumi na mbili, kwa sababu nta haichoki.

Jumanne, 29 Aprili

Sheria mpya: mara moja, uwanjani, basi. Kobe ameniuliza kama anaweza angalau mara mbili. Nikamwambia mwanangu, tutapona pamoja.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Dada ametengeneza mlango wa kabati ambao mimi niliuharibu. Amenionyesha tu bisibisi.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kufunga shule. Mbingu zilikuwa za kijivu lakini hazikutumwagia. Wazazi walijaa viti vyote, na baba yake Upepo alikuja na shati lenye mikunjo ya safari, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alinisalimu kwa heshima nyingi. "Wewe ndiye Mama Vipimo. Anakutaja sana." Sikuthubutu kuuliza ananitaja vipi.

Roketi nane. Makamu aliketi safu ya mbele. Kutoka kisanduku cha kitufe mpaka roketi kuna waya mrefu uliolazwa kwenye nyasi, na hata huo nilitaka kuutembelea mara ya pili kuukagua, nikajifunga mikono nyuma.

Ya kwanza, juu. Ya pili, juu. Kobe alipima mara moja, akabonyeza, juu! Aliruka yeye pia, na sijawahi kumwona Kobe akiacha ardhi. Ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Watu walikuwa wanahesabu kwa sauti pamoja nasi. Kila roketi iliporuka, Makamu alikuwa anasogeza kiti chake mbele kidogo ili aone vizuri. Niliona na nikacheka moyoni.

Ya nane ilikuwa ya Upepo. Akapima mara moja. Taa ndogo ikawaka nyekundu. Tukahesabu kutoka tano kurudi nyuma, uwanja mzima, na baba yake amesimama. Akabonyeza.

Hakuna kitu. Hata "tss".

Na mimi nikamwangalia. Nitaandika kama ilivyokuwa: kabla sijawaza waya wala betri, kabla sijawaza chochote, shingo yangu iligeuka yenyewe na macho yangu yakamwendea yeye. Baada ya yote yale. Naye alikuwa ananitazama, akaona.

"Umeniangalia, Mama," akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," nikasema. "Nimekuangalia. Nisamehe."

Baba yake alikuwa bado amesimama, hajui akae au afanye nini. Kisha Upepo akachomoa ufunguo wa kisanduku ili umeme usipite, akautia mfukoni kama inavyotakiwa, akanishika mkono wa shati. "Haya, twende tutafute."

Tulisubiri dakika yetu. Tukainama tukaufuata waya, yeye upande huu na mimi upande ule, tukiupitisha vidoleni taratibu kwenye nyasi mbichi, hatua kwa hatua, mbele ya wazazi wote. Hakuharakisha hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Katikati, karibu na safu ya mbele, kidole chake kikasimama. Kiungo cha waya kilikuwa kimechomoka, na juu ya ncha yake moja, umezama kwenye tope, ulikuwa mguu wa kiti.

Tukainua vichwa pamoja. Makamu alikuwa ameketi juu yake, ameinama mbele, viwiko magotini, mdomo wazi, anasubiri kuona kama tutapata.

"Nini?" akauliza. "Imekuwaje? Mmeona nini?"

Upepo alinitazama, nami nikamtazama, na nikamwachia yeye aseme.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Jina tumelipata. Tunaomba usimame kidogo."

Makamu akasimama, tukaunga waya, Upepo akarudisha ufunguo, na alipobonyeza, roketi nayo ikainuka ikaenda zake mawinguni.